KUFUNDISHA NGAZI YA SAUTI KATIKA SHINGO YA GITAA

Mtoto wa Tunduma hukua akisikia kwaya za makanisa na, kutoka ng'ambo ya mpaka, kalindula ya Zambia, muziki ambao gitaa ni mhimili wake. Hata hivyo, apewapo gitaa, mara nyingi huonyeshwa mahali pa kuweka vidole tu. Siku kiongozi wa wimbo atakapopandisha sauti, mtoto huyo hupotea, kwa kuwa vidole vimekariri mahali na sikio halikujifunza kitu. Mwalimu ana wajibu wa kuanza na sikio.

Hatua ya kwanza: Kuimba

Wanafunzi waimbe do, re, mi, fa, so, la, ti, do, huku mwalimu akionyesha ngazi aliyoichora ubaoni. Wasikie wenyewe kwamba kutoka mi hadi fa, na kutoka ti hadi do, ni nusu hatua. Kwingine kote ni hatua nzima.

Hatua ya pili: Uzi mmoja

Shule isiyo na gitaa isikate tamaa. Chukua ubao, misumari miwili na waya mwembamba. Kaza waya, kisha upitishe juu ya vijiti viwili vyembamba vilivyoachana kwa sentimita 64. Kutoka kijiti cha kwanza, weka alama za chaki kwenye sentimita 7, 13, 16, 21, 26, 30 na 32. Waya usiobanwa hutoa do. Ukibanwa kwenye alama hizo kwa zamu, hutoa re hadi do ya juu.

Hapa somo la muziki hukutana na hesabu. Fa iko kwenye robo ya waya, so karibu na theluthi, na do ya juu kwenye nusu kamili. Katika gitaa, alama hizo ni vyuma vinavyokingama shingo, yaani freti za 2, 4, 5, 7, 9, 11 na 12. Kila freti ni nusu hatua.

Hatua ya tatu: Kuvuka nyuzi

Mkono hauwezi kukimbia shingo nzima kwa kila wimbo. Kwa hiyo tunavuka nyuzi. Tukihesabu uzi mwembamba kuwa wa 1:

Uzi wa 5: do (freti 3), re (5)
Uzi wa 4: mi (2), fa (3), so (5)
Uzi wa 3: la (2), ti (4), do (5)

Wanafunzi waimbe kila sauti kabla ya kuipiga. Wakishazoea, sogeza vidole vyote freti mbili mbele. Umbo ni lile lile, lakini wimbo umepanda hatua nzima. Umbo hilo hufaa pia likianzia uzi wa 6.

Tahadhari

Nyuzi hupishana kwa freti tano, isipokuwa uzi wa 3 na wa 2, ambao hupishana kwa freti nne. Kwa hiyo umbo likianzia uzi wa 4, sauti zinazoangukia uzi wa 2 husogezwa freti moja mbele. Usiwaambie wanafunzi jambo hili mapema; waache wakosee, wasikie kosa, kisha walisahihishe.

Zoezi kwa mwalimu mwanafunzi

Chagua wimbo mfupi unaojulikana na watoto wa shule yako ya mazoezi. Uandike kwa solfa, kisha uupige ukianzia freti tatu tofauti. Ukiweza kuuimba bila kutazama vidole, uko tayari kuufundisha.