SOMO: NAMNA YA KUANDIKIA SERIKALI KWA KAZI YA KARTIE YETU



Katika gazeti letu hili tumekwisha kusoma masomo juu ya afya, juu ya mashamba, na juu ya kujitayarisha kwa mtihani wa Serikali. Leo Bwana Prefe ameniruhusu kuleta somo lingine: namna ya kuomba Serikali feza kwa kazi ya faida ya watu wote. Silileti sababu nina akili kuliko wengine. Ninalileta sababu mimi mwenyewe nilikosea, na kosa lile limenifundisha.

1. Sababu ya somo hili

Wote mnaujua ule mfereji mkubwa unaokata njia kati ya masomo yetu na kartie ya chini. Wakati wa kiangazi hata mtoto anauruka. Wakati wa mvua unakuwa mto. Miti miwili imelazwa pale juu, na hiyo ndiyo daraja letu.

Kazi yangu ya kapita ni kusimama mlangoni kisha kengele ya asubuhi na kuandika majina ya wanaochelewa. Mwezi wa Novemba uliopita mtoto mmoja wa darasa la saba alifika amelowa, madaftari yake juu ya kichwa. Nikamwuliza sababu. Akajibu: «Kapita, andika tu. Lakini maji ilikuwa hapa,» akaonyesha kifua. Nikaandika. Akafagia kiwanja pamoja na wachelewaji wengine.

Juma lililofuata mtoto yule aliteleza juu ya ile miti, maji ikamchukua. Wamama waliokuwa wakifua nguo kule chini wakamkamata na kumtoa. Hakufa, Mungu asifiwe. Lakini jioni ile nilifungua kitabu cha wachelewaji, nikakuta jina lake mara nne, kwa mkono wangu.

Sisi wa mwaka wa mwisho tukasema: tuandikie Serikali. Tukaandika mistari mitano: «Tunaomba Serikali itusaidie kwa maendeleo ya kartie yetu.» Hatukusema wapi, hatukusema nini, hatukusema watu wangapi. Hatukushika kopi. Tuliporudi kuuliza, barua haikuonekana, na sisi hatukuwa na kitu cha kuonyesha. Tukarudi na hasira, tukisema wakubwa hawana huruma. Mwalimu wetu wa elimu ya uraia akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: «Mulituma nini?» Tukakosa jibu.

2. Je, tuna haki ya kuomba?

Ndiyo. Katiba ya inchi yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 27, inasema mambo matatu. La kwanza: kila Mkongomani, peke yake ao pamoja na wengine, ana haki ya kupeleka ombi kwa wakubwa wa Serikali. La pili: wakubwa hao wanapashwa kujibu ndani ya miezi mitatu. La tatu: hakuna mtu anayeweza kushtakiwa kwa sababu amepeleka ombi. Basi anayeandika si mwombaji wa sadaka wala si mwasi.

Tena, feza ya Serikali inatoka wapi? Inatoka kwa kodi. Mama anayeuza ndagala sokoni analipa. Mwenye duka analipa. Kampuni za madini zinalipa. Katiba, kifungu cha 175, inasema kwamba kwa mapato ya taifa, 40 kwa mia ni sehemu ya majimbo. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inaendelea: kwa sehemu ile ya jimbo, 40 kwa mia ni ya miji, komini, sekta na shefferi.

Tufanye hesabu kama darasani. Kwa faranga 100 za taifa, jimbo linapata 40. Kwa hizo 40, faranga 16 zinashuka kwa miji, komini, sekta na shefferi zake. Hii ni hesabu ya sheria. Wote tunajua kwamba feza iliyofika majimboni kwa kweli imekuwa mara nyingi chini ya hesabu hiyo. Lakini hiyo si sababu ya kunyamaza. Mtu asiyejua hesabu hajui hata cha kuuliza.

3. Tumwandikie nani?

Hapa ndipo wengi wanapotea. Barua nzuri kwa mlango mbaya ni karatasi tu.

Kartie: Shefu wa kartie ndiye wa kwanza kujua shida, na ni vizuri atie sahihi. Lakini kartie haina bajeti yake yenyewe. Usimlaumu kwa feza asiyokuwa nayo.

Komini: Komini ina bajeti yake. Kazi kama mifereji, njia ndogo na masoko ya komini ni zake. Kwa mfereji wetu, mlango wa kwanza ni kwa Bwana Burugumestre.

Mji na jimbo: Kazi ikipita nguvu ya komini, tunapanda kwa Meya, kisha kwa Gavana. Jimbo letu la Tanganyika lilizaliwa mwaka 2015, wakati Katanga ilipogawanywa. Lina teritware sita: Kalemie, Moba, Manono, Kabalo, Kongolo na Nyunzu. Tukumbuke kwamba wote hao wanaomba kwa mlango mmoja.

Vijijini: Kule, sekta ao shefferi ndiyo yenye bajeti yake. Watu wametaja sana mpango wa taifa unaoitwa PDL-145T, juu ya teritware zote 145 za inchi, kwa kujenga masomo, vituo vya afya, nyumba za utawala na njia. Mpango ule ulitengenezwa kwa ajili ya teritware, si kwa ajili ya miji. Basi mwanafunzi anayetoka kijiji cha Nyunzu ao cha Moba anaweza kuutaja katika barua ya kwao. Sisi wa mji, kwa mfereji huu, hapana.

4. Barua iseme nini?

Mwaka 2024 maji ya Ziwa Tanganyika ilipanda ikaingia katika nyumba nyingi hapa Kalemie. Fikiri maombi mangapi yalikuwa juu ya meza za wakubwa wakati ule. Mtu mwenye maombi mengi anashika kwanza lile analoelewa upesi. Kwa hiyo barua inapashwa kujibu maswali saba:

(a) Ni wapi? Avenue gani, karibu na nini. Chora ramani ndogo.
(b) Ni shida gani, na inagusa watu wangapi? Usiandike «watu wengi sana». Hesabu.
(c) Tunaomba nini? Kitu kimoja. Anayeomba daraja, taa, soko na kiwanja cha mpira katika barua moja hatapata hata kimoja.
(d) Ni bei gani? Fundi aandike devi: mifuko ya sima, vyuma, mbao, mshahara.
(e) Sisi tunaleta nini? Mawe, mchanga, mikono. Wazee wanakumbuka salongo ya wakati wa Zaïre, na wengine waliifanya kwa kulazimishwa. Salongo yetu iwe ya kupenda.
(f) Nani atatunza kazi kisha kumalizika? Serikali inaogopa kujenga kitu kitakachobomoka kwa kukosa mwenyewe.
(g) Nani wanaomba? Majina, sahihi, na alama ya kidole kwa wasiojua kuandika.

Barua iandikwe kwa Kifaransa, sababu ndiyo luga ya biro. Lakini mbele ya watu kutia sahihi, isomwe yote kwa Kiswahili. Si haki mzee kutia kidole chake kwa maneno asiyoyasikia.

5. Mfano wa Nehemia

Sisi wa masomo ya Kiprotestanti tunamjua Nehemia, lakini mara nyingi tunakumbuka maombi yake kwa Mungu na kusahau maombi yake kwa mfalme. Someni tena sura ya pili. Mfalme alipomwuliza anataka nini, hakusema «maendeleo». Alitaja mji. Mfalme alipouliza safari itachukua muda gani, alitoa muda. Aliomba barua kwa maliwali ili apite njiani, na barua nyingine kwa mlinzi wa msitu wa mfalme. Akasema miti ile ni ya nini: ya milango ya ngome, ya ukuta wa mji, na ya nyumba yake. Alipofika, alizunguka usiku kuona mabomoko kwa macho yake mbele ya kusema neno kwa watu. Kisha watu wenyewe wakajenga, kila mtu sehemu yake.

Aliomba Mungu, aliomba mfalme, na alihesabu miti. Moja halikuzuia lingine.

6. Kupeleka na kufuata

Andika kopi mbili. Moja inabaki biro, nyingine inarudi nawe ikiwa na kashe, tarehe na sahihi ya aliyeipokea. Kopi hiyo ndiyo mdomo wako. Tangu tarehe ile hesabu miezi mitatu ya Katiba. Ukienda kuuliza, nenda watu wawili ao watatu, kwa heshima, na uandike siku uliyokwenda na jibu ulilopewa. Mtu akiomba feza ili barua ipite, mwombe risiti.

Tena angalia majira. Mwaka wa bajeti unaanza tarehe 1 Januari, na kwa Katiba mradi wa bajeti ya taifa unapashwa kufika Bungeni mbele ya kupita tarehe 15 Septemba. Ombi linalofika wakati hesabu zimekwisha kufungwa linangoja mwaka mwingine. Anayetaka daraja asingoje mvua ndipo aandike.

7. Vile tulifanya mara ya pili

Tulipotafuta hesabu ya watu, tulikosa pa kuanzia. Ndipo nikakumbuka kitabu changu cha wachelewaji. Tukakaa watatu, tukasoma kurasa za Oktoba mpaka Machi. Tukahesabu majina 58 ya watoto wa kartie ya chini, na 41 kati yao yaliandikwa siku za mvua. Kile kitabu cha kuazibu watu kikawa kitabu cha ushahidi. Sikufurahi kukisoma.

Baba wa mwanafunzi mmoja, ambaye ni mwashi, alituandikia devi bure. Tulisoma barua kwa Kiswahili mbele ya watu wa kartie. Mama mmoja mzee akauliza: «Mutatuletea daraja ao mutatuletea karatasi?» Tulimjibu kweli: mama, leo ni karatasi. Alicheka kidogo, kisha akaleta kidole chake.

Barua ilipokelewa mwezi wa Aprili, kopi yetu ina kashe. Kisha majuma matano mtu mmoja alikuja na kamba ya kupima, akapima mfereji, akaandika, akaenda. Tangu siku ile hatujapata jibu. Sisemi kwamba tumeshinda.

Lakini mambo mawili hayakungoja. Kwa salongo ya Siku ya Posho tuliongeza mti wa tatu na kamba ya kushika. Na nilimwomba Bwana Prefe kwamba siku za mvua kubwa watoto wa ng'ambo wasiazibiwe, alikubali. Yule mtoto wa darasa la saba nilimwomba masamaha mbele ya darasa lake. Alinitazama tu, akasema: «Hakuna neno, Kapita.»

Miezi mitatu itakwisha katika Julai. Wakati ule sisi wa mwaka wa mwisho tutakuwa tumekwisha kufanya mtihani na kutawanyika, mwingine Lubumbashi, mwingine kwao Kongolo. Barua isiyokuwa na mtu wa kuifuata inakufa, hata ikiwa na kashe. Kwa hiyo ninawaomba ninyi mnaotufuata: chagueni watatu. Faili iko ndani ya kabati ya biro ya nidhamu, pamoja na devi, ramani na kile kitabu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Jibu likiwa ndiyo, leteni mawe. Likiwa hapana, ulizeni sababu, tengenezeni barua, mpeleke tena mbele ya Septemba.

Mvua itarudi Oktoba.

MASWALI YA KUJIFUNZA

1. Kifungu cha 27 cha Katiba kinawapa wananchi haki gani, na kinaweka kazi gani juu ya wakubwa?
2. Kwa mapato ya taifa ya faranga 2.500, sehemu ya majimbo kwa sheria ni ngapi? Na ya miji, komini, sekta na shefferi?
3. Kwa nini shefu wa kartie hawezi kulipa daraja, na kwa nini bado tunahitaji sahihi yake?
4. Chagua shida moja ya kartie yako. Jibu maswali saba ya sehemu ya 4 kwa ukurasa mmoja.
5. Je, katika kazi yako kuna kitabu unachoandika kila siku bila kufikiri kinasema nini?

Kapita wenu, mwaka wa mwisho