Mwanafunzi wa Kompyuta: Chama cha Kitaaluma Kina Faida Gani, na Ada Yake Hulipwaje?

Vyuo vikifunguliwa mwezi Septemba, dawati letu la huduma kwa wateja hupata maswali ya msimu: ada ya hosteli, pesa zilizotumwa kwa nambari isiyofaa, mkopo wa HELB ambao bado haujaingia. Safari hii kulikuwa na moja lililotufanya tukae chini tuzungumze. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anayesomea sayansi ya kompyuta alikuwa ameingizwa katika kundi la WhatsApp. Humo, mtu aliyejiita mratibu aliwaambia watume shilingi 1,500 kila mmoja ili wapate uanachama wa "chama cha kimataifa cha kompyuta", cheti, na nafasi ya mafunzo ya nyanjani. Akatuma. Nambari ilikuwa ya mtu binafsi. Siku mbili baadaye kundi likafungwa na cheti hakikuja.

Alituuliza mambo mawili. La kwanza, je, pesa zitarudi? Hilo tulimjibu kwa simu, na jibu halikuwa tamu: alipotufikia, zilikuwa zimeshatolewa kwa wakala, kwa hivyo tulimwelekeza apige ripoti polisi akiwa na ule ujumbe wa uthibitisho. La pili lilikuwa hili: "Kwani hivi vyama ni vya kweli, ama vyote ni njia ya kula pesa za wanafunzi?" Hili tunalijibu hapa, manake tunajua hayuko peke yake.

Vyama vya kweli vipo, na vingine ni vikongwe. Na tuelewane mapema, tunaposema chama hapa hatuna maana ya chama cha kuzungushiana pesa kila mwisho wa mwezi, wala cha siasa. Tunazungumzia umoja wa watu wa taaluma moja. Association for Computing Machinery, ambacho wengi hukiita ACM, kilianzishwa New York mwaka 1947, wakati kompyuta za dunia nzima zilikuwa chache mno na kila moja ilijaza chumba. IEEE, chenye wahandisi wa umeme, elektroniki na kompyuta, kilipatikana mwaka 1963 baada ya vyama viwili vya awali kuungana, na leo kina wanachama zaidi ya 400,000. Hapa nyumbani IEEE kina sehemu yake ya Kenya, na matawi ya wanafunzi katika vyuo vikuu kama Nairobi, JKUAT na Dedan Kimathi. Kuna pia Computer Society of Kenya, na kwa wanaopenda ukaguzi na usalama wa mifumo kuna ISACA, ambacho kina tawi hapa nchini.

Sasa faida. Tuanze na ile ambayo watu hutaja kwanza, kisha tukwambie kwa nini usiilipie.

Ni maktaba. Ukifungua simu kumtumia mama pesa, kuna vitu viwili ambavyo huvioni lakini ndivyo vinavyofanya kazi. Cha kwanza ni hifadhidata yenye majedwali: jedwali la wateja, jedwali la miamala, na nambari maalumu inayounganisha mstari wa hapa na mstari wa kule. Wazo hilo la kupanga taarifa kwa majedwali, bila mwandishi wa programu kuhangaika kujua zimelazwa vipi ndani ya diski, liliandikwa na Edgar Codd mwaka 1970 katika jarida la ACM, Communications of the ACM. Cha pili ni ufunguo wa siri. Mwaka 1978 jarida hilohilo lilichapa makala ya Rivest, Shamir na Adleman, ambayo ndiyo iliyozaa mbinu ya RSA. Huwa na funguo mbili: mmoja unaweza kumpa yeyote, mwingine unabaki nao. Ujumbe uliofungwa kwa ule wa wazi hufunguliwa kwa ule wa siri pekee. Hadi leo RSA inatumika kuthibitisha kwamba tovuti uliyofungua ndiyo kweli, na si ya tapeli.

Kuna na la tatu, na hili sisi tunalishughulikia kila siku. Mama ametuma shilingi 500 kutoka Kitale, na mtandao umekatika katikati. Je, pesa zimetoka kwake na hazijafika kwa mtoto Juja? Mfumo uliotengenezwa vizuri haukubali hali hiyo. Kutoa na kuingiza hufungwa pamoja kama kitu kimoja: ama yote mawili yafanyike, ama hakuna lililofanyika na kila kitu kinarudi kilipokuwa. Jim Gray, aliyefanya kazi kubwa katika eneo hilo, alipewa Tuzo ya Turing ya mwaka 1998, tuzo ambayo ACM hutoa na ambayo kwa watu wa kompyuta ndiyo kubwa kuliko zote. Mwanafunzi akielewa jambo hili kabla hajamaliza chuo, anatufaa kuliko yule anayejua lugha sita za programu na hawezi kueleza kwa nini salio limepungua mara mbili.

Basi mbona tunakwambia usiilipie? Kwa sababu mwaka 2022 ACM kilifungua bure makala zake za kuanzia 1951 hadi 2000. Codd yumo, RSA imo. Hauhitaji uanachama, unahitaji bando tu. Mtu akikuuzia uanachama akisema ndiyo njia pekee ya kusoma hayo, ama hajui ama anakudanganya.

Unacholipia hasa ni watu. Darasani unakutana na wale mliojiunga nao mwaka mmoja, na mwalimu ambaye ana wanafunzi wengi mno kukukumbuka kwa jina. Katika tawi la chama unakutana na wa mwaka wa nne aliyerudi kutoka mafunzo ya nyanjani mwezi uliopita, na mhitimu anayefanya kazi benki, aliyekuja Jumamosi kuzungumza nusu saa. Hao ndio watakwambia ni kampuni gani humpa mwanafunzi kazi ya maana, na ni ipi itakupa kutengeneza chai na kubeba printa. Habari za aina hiyo haziandikwi kwenye tangazo lolote.

Unapata pia mahali pa kukosea kabla kukosea hakujawa na gharama. Mfano mzuri ni IEEEXtreme, mashindano ya kuandika programu ambayo IEEE hufanya kila mwaka kwa wanafunzi wanachama. Timu huwa ya watu wasiozidi watatu, na yanaendelea saa 24 mfululizo. Saa ya kuanza ni moja dunia nzima, kwa hivyo sisi wa Afrika Mashariki huanza saa tisa usiku. Wanaoshiriki hulala maabara na blanketi, chai kwenye chupa, mwenzao mmoja akikoroma chini ya meza huku wawili wakitafuta kosa katika mstari wa arubaini. Timu nyingi hazishindi chochote. Hata hivyo, ukishafanya kazi na mtu hadi alfajiri huku nyote mmekasirika, unajua kama unaweza kuanzisha kampuni naye. Tunalisema hili tukiwa tumewahi kuwahoji vijana wengi wa kazi: swali "niambie siku programu yako ilikataa kabisa, ukafanya nini?" huwashinda wengi wenye alama nzuri, lakini huyu wa saa tisa usiku ana hadithi.

Wasichana tuwaambie jambo moja la ziada. ACM kina ACM-W na IEEE kina Women in Engineering, na ACM-W husaidia wanafunzi wa kike kwa ufadhili wa kuhudhuria makongamano ya utafiti. Maombi hayo huhitaji maandalizi.

Halafu kuna maadili, sehemu ambayo wanafunzi huiruka. ACM kina kanuni za maadili zilizofanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2018. Miongoni mwa yanayosemwa humo ni kuepuka madhara, kuheshimu faragha ya watu, na kutengeneza mifumo iliyo salama kikweli, tena ambayo mtu wa kawaida anaweza kuitumia. Yanaonekana ni maneno ya ukutani hadi siku duka la mtaani likupe orodha ya nambari za simu za wateja wake uifanyie mradi wa mwaka wa tatu. Unaiweka wapi? Nani anaiona? Unaifuta lini? Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na sheria hiyo haikuulizi kama wewe ni mwanafunzi. Tumeona pia miradi ya kuunganisha malipo ambayo mwandishi aliianika mtandaoni pamoja na funguo za siri za akaunti ya biashara. Hakuwa mwizi. Hakuwa tu na mtu wa kumwambia.

Lakini chama hakifanyi kila kitu. Hakikupi leseni, manake nchini mwetu kuandika programu hakuhitaji leseni kama ilivyo kwa daktari au wakili. Mwaka 2016 kulikuwa na mswada wa kutaka wataalamu wa teknolojia wasajiliwe kwanza ndipo wafanye kazi, na vijana wa sekta hii waliupinga vikali, wakiuliza ni nani angemsajili aliyejifunzia mwenyewe kwa simu. Hakikupi kazi pia. Kadi ya uanachama bila kazi uliyofanya ni mstari mmoja tu kwenye wasifu wako, na mwajiri atauruka. Na kama tawi la chuo chenu limelala, yaani lina mwenyekiti na muhuri lakini halikutani, subiri kwanza kulipa. Nenda uulize walikutana lini mara ya mwisho.

Tuje kwenye hela. Wakati tunaandika haya, uanachama wa mwanafunzi wa ACM ni dola 19 kwa mwaka. Kwa kiwango cha karibu shilingi 130 kwa dola, hiyo ni takriban shilingi 2,470. Kwa mwanafunzi anayekula githeri ya shilingi 50 si pesa ndogo, na hatutajifanya ni ndogo. Ukiweka shilingi 50 kila siku ya masomo kwenye akiba ya simu, siku tano kwa wiki, utakuwa umefika baada ya wiki kumi. Ada ya IEEE kwa mwanafunzi iangalie kwenye tovuti yao, na uangalie na kalenda: mwaka wao ni Januari hadi Desemba, kati ya Machi na katikati ya Agosti hutoza nusu, na anayejiunga baada ya hapo uanachama wake humfikisha Desemba ya mwaka unaofuata. Kwa hivyo Septemba ni wakati mzuri kuliko Januari kwa bei ileile.

Vyama hivi vya nje hulipwa moja kwa moja kwenye tovuti yao, kwa kadi. Kama huna kadi ya benki, tengeneza kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na pochi yako ya simu. Weka humo kiasi unachohitaji na kidogo cha juu, kwa sababu ubadilishaji wa dola huweza kuongeza shilingi kadhaa. Kabla hujabonyeza kulipa, tafuta kile kisanduku cha kuhuisha uanachama wenyewe kila mwaka. Kama hutaki ikatwe tena mwakani bila kuulizwa, ondoa alama. Vyama vya hapa nchini vyenye Paybill au Till, nambari uichukue kwenye tovuti ya chama chenyewe na si kwenye kundi la WhatsApp, kisha usome jina linalotokea kabla hujathibitisha. Likiwa jina la mtu, acha. Mtu akikuomba nambari yako ya siri ili "akusajili", kata simu.

Wengine hukusanya pesa za kundi kupitia mwanafunzi mmoja ili walipe pamoja. Hilo si kosa, mradi huyo mtu mnamjua, bei mmeiona wenyewe kwenye tovuti, na kila mmoja anapata barua pepe ya uthibitisho yenye nambari yake ya uanachama. Nambari hiyo ndiyo risiti. Cheti cha rangi chenye muhuri wa dhahabu mtu yeyote anaweza kukitengeneza kwa dakika kumi.

Yule mwanafunzi alitupigia tena wiki iliyopita. Polisi hawajampa jibu. Lakini alikuwa ameenda kwa mkutano wa tawi la chuo chao, bila kulipa kwanza, akakuta watu kumi na wanne na mjadala kuhusu nani atakuwa wa tatu kwenye timu ya mashindano. Akainua mkono.