Mzee kama Mwalimu: Azimio la Musoma na Utafiti wa Lugha Murangi

1.0 Utangulizi

Makala haya yanajadili namna wanafunzi wa chuo kikuu na wazee wanavyoweza kufundishana. Hoja kuu ni kwamba kuwakutanisha watu wa rika mbalimbali hakutoshi. Ni lazima mzee apewe nafasi ya mwalimu.

2.0 Azimio la Musoma

Mnamo Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilipitisha Azimio la Musoma. Pamoja na mambo mengine, Azimio lilitaka vijana waliomaliza sekondari wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu, na watu wazima walio kazini wafunguliwe mlango. Sharti hilo lililegezwa baadaye. Fikra iliyokuwamo ilikuwa sahihi: uzoefu wa kazi ni elimu. Hata hivyo, mtu mzima aliyeingia chuoni aliingia kama mwanafunzi. Uzoefu wake ulimpatia nafasi ya kusoma, si ya kufundisha.

3.0 Mfano wa Kijita

Utafiti wa lugha unaweza kuugeuza uhusiano huo. Murangi, wilayani Musoma, imo katika eneo la wasemaji wa Kijita, lugha ya Kibantu ya kandokando ya Ziwa Victoria. Tofauti na Kiswahili, Kijita ni lugha ya toni: mashina ya vitenzi vyake hugawanyika katika makundi mawili, yenye toni ya juu na yasiyo nayo. Mwanafunzi aliyezoea Kiswahili huelekea kuyaandika makundi yote mawili kwa namna moja, kwani sikio lake halijafunzwa kuitambua tofauti hiyo. Mzee, hata asiyejua istilahi ya toni, hulibaini kosa na kulisahihisha kwa kulitamka neno upya. Kwa upande wake, mwanafunzi humwonyesha mzee kwamba alichokisahihisha kina kanuni, na kwamba kanuni hiyo yaweza kuandikwa. Hapo kila mmoja huwa mwalimu wa mwenziwe.

4.0 Hitimisho

Katika taarifa za utafiti, mzee wa namna hii huitwa mtoataarifa. Jina hilo halitoshi. Anayesahihisha ni mwalimu, naye astahili kutajwa hivyo iwapo ameridhia. Aidha, orodha ya maneno haina budi kurudishwa Murangi na kusomwa mbele ya walioitoa, ili waikosoe kabla haijachapishwa. Daftari lisilorudi kijijini hubaki na makosa ambayo aliyeyajua hakuulizwa.