SOMO LA TEHAMA: KUIFUNDISHA SIMU KUSIKILIZA KITUFE CHA DHARURA

Wilaya ya Sengerema ina historia yake katika matumizi ya simu kuokoa maisha. Mpango wa m-mama, unaojulikana leo nchi nzima kwa namba 115, ulijaribiwa kwanza katika Kanda ya Ziwa, na Sengerema ilikuwa miongoni mwa maeneo ya mwanzo pamoja na Shinyanga. Mwezi Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua upanuzi wake wa kitaifa. Anayepiga 115 hatozwi chochote. Mhudumu katika kituo cha uratibu humuuliza maswali, hupima uzito wa dharura, kisha hutafuta gari la wagonjwa. Lisipopatikana, huitwa dereva wa jamii aliyesajiliwa, naye hulipwa kwa simu. Wanaohudumiwa ni wajawazito, waliojifungua ndani ya siku 42 na watoto wachanga wa hadi siku 28.

Utaratibu huo wote huanza na mtu mmoja kushika simu na kubonyeza namba tatu. Hapo ndipo penye tatizo. Mama aliyeshikwa na uchungu usiku, peke yake, huenda simu yake iko chumba cha pili ikichajiwa. Mwenye kifafa cha mimba hawezi kutafuta namba. Kwa kaya za Kamanga jambo hili lina uzito wa pekee: taa za Jiji la Mwanza zinaonekana ng'ambo ya ghuba, lakini ng'ambo hiyo hufikiwa kwa kivuko, au kwa kuzunguka barabarani hadi daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025. Dakika zinazopotea kabla ya simu kupigwa hazirudishwi na daraja wala kivuko.

Somo hili linaeleza namna ya kuandaa programu ya simu janja inayosikiliza kitufe kidogo cha Bluetooth, kile kinachovaliwa shingoni au kufungwa kwenye kanga, ili kibonyezwapo simu iwaite watu. Limekusudiwa vijana waliokwisha kuonja uandishi wa programu, wanafunzi wa vyuo vya ufundi na walimu wa somo la kompyuta. Asiyewahi kuandika programu anaweza kulisoma pia, kwani sehemu ngumu zaidi ni za akili ya kawaida.

Vitufe vya Bluetooth viko vya namna mbili, na wengi huvichanganya. Namna ya kwanza ni kile cha kupigia picha kwa mbali. Kitufe hicho hujifanya kibodi: kikibonyezwa, simu hudhani mtu amebonyeza kitufe cha kuongeza sauti, na kamera hupiga picha. Hakifai kwa dharura. Programu ya kawaida hupokea mbonyezo huo pale tu inapokuwa wazi kwenye kioo, na mfumo wa Android hauiruhusu kusoma moja kwa moja huduma ya kibodi iliyomo ndani ya kifaa. Simu ikilala, kitufe nacho ni kama kimelala.

Namna ya pili ni vile vifaa vya kutafutia funguo, vinavyouzwa kwa bei nafuu, mara nyingi kwa jina la iTag. Ndani yake mna betri bapa ya duara yenye volti 3, ya aina ya CR2032, kengele ndogo na kitufe kimoja. Hivi hutumia Bluetooth ya nishati ndogo, iliyoingizwa katika toleo la 4.0 la mwaka 2010. Simu za Android zilianza kuielewa kuanzia toleo la 4.3 la mwaka 2013. Simu janja nyingi zilizomo mikononi mwa watu leo, hata zile za bei ya chini, zina uwezo huo.

Mazungumzo kati ya kifaa cha namna hii na simu yanafanana na duka lenye rafu. Kwanza kifaa hujitangaza: kila baada ya muda mfupi hurusha hewani ujumbe mdogo usiozidi baiti 31, kikitaja jina lake na pengine huduma zake. Simu husaka matangazo hayo, hukitambua kifaa na kuomba kuunganishwa. Wakishaunganishwa, kifaa huonesha rafu zake, yaani huduma, na ndani ya kila huduma mna visanduku vyenye taarifa, ambavyo somo hili litaviita sifa. Kila huduma na kila sifa ina namba yake ya utambulisho.

Katika iTag nyingi, mbonyezo wa kitufe hutangazwa na sifa FFE1 iliyomo ndani ya huduma FFE0. Kengele yake hulizwa kwa kuandika thamani katika sifa 2A06 ya huduma 1802: 0 ni kimya, 1 ni mlio wa wastani, 2 ni mlio mkubwa. Kiasi cha betri husomwa katika sifa 2A19 ya huduma 180F, kwa asilimia kuanzia 0 hadi 100. Namba hizi ni vifupisho. Ndani ya programu huandikwa kwa urefu wake, kwa mfano 0000ffe1-0000-1000-8000-00805f9b34fb. Kwa kuwa watengenezaji ni wengi na hawafuati mwongozo mmoja, ni busara kukichunguza kifaa kwanza kwa programu ya bure iitwayo nRF Connect, inayoonesha rafu zote na kila kilichomo kabla ya mstari mmoja wa programu kuandikwa. Saa moja ya uchunguzi huo huokoa siku tatu za kubahatisha.

Baada ya hapo kazi huenda kwa mpangilio. Programu huomba ruhusa: kuanzia Android 12 ni BLUETOOTH_SCAN na BLUETOOTH_CONNECT, na katika matoleo ya 6 hadi 11 usakaji huhitaji ruhusa ya mahali simu ilipo. Mtumiaji anastahili kuelezwa sababu ya ruhusa hiyo, kwa sababu wengi huikataa wakidhani wanafuatiliwa, na hofu yao si ya kipuuzi. Kisha husakwa kifaa, simu huunganishwa nacho kwa amri ya connectGatt, na huduma huorodheshwa kwa discoverServices.

Hatua inayofuata ndiyo inayowakwamisha wengi. Kuiambia simu isikilize sifa FFE1 kwa setCharacteristicNotification hakutoshi. Amri hiyo huiandaa simu pekee; kifaa chenyewe hakijaambiwa lolote. Ni lazima kuandika pia baiti 01 na 00 katika kielezi 2902 kilicho chini ya sifa hiyo. Ni sawa na mtu aliyewasha redio huku kituo cha matangazo hakijawasha mitambo. Programu huonekana kukamilika bila kosa lolote, na kitufe hubonyezwa kutwa nzima pasipo jibu.

Jambo jingine: Android hushughulikia ombi moja tu la namna hii kwa wakati mmoja katika kila muunganisho. Anayesoma betri na papo hapo kuandika kielezi ataona ombi la pili likipotea. Maombi yapangwe foleni, kila moja lingoje jibu la lililotangulia. Muunganisho ukikatika kwa kosa namba 133, ambalo kila mwandaaji hukutana nalo mapema, ufungwe kabisa kwa amri ya close kabla ya kujaribu tena.

Kwa mwanafunzi anayeanza, MIT App Inventor hurahisisha haya yote kwa kupanga vipande vya rangi badala ya kuandika mistari: kiendelezi chake cha BluetoothLE kina kipande cha RegisterForBytes cha kuomba taarifa na BytesReceived cha kuipokea, na kile kielezi cha 2902 hushughulikiwa chenyewe. Ni zana nzuri ya darasani. Hata hivyo haikuundwa kwa programu za kukesha nyuma ya kioo usiku kucha, kwa hiyo kitufe cha dharura cha kweli kiandikwe kwa Kotlin au Java, kikiendeshwa na huduma ya mbele, ile inayoonesha alama ya kudumu juu ya kioo. Mwenye simu aingie pia katika mipangilio ya betri na kuiruhusu programu hiyo ifanye kazi bila kizuizi, maana simu nyingi huzima kimya kimya programu zisizotazamwa. Programu ijiwashe yenyewe baada ya simu kuzimwa na kuwashwa.

Sasa kitufe kimebonyezwa na simu imesikia. Ifanye nini?

Jibu la haraka ni kupiga 112 au 115 moja kwa moja, nalo lina kasoro. Mfumo wa Android hauruhusu programu ya kawaida kupiga yenyewe namba ambazo simu inazitambua kuwa za dharura. Inaweza tu kufungua kioo cha kupigia namba ikiwa imekwisha kuandikwa, na mtu abonyeze. Kizuizi hicho kina maana. Kituo cha uratibu kinahitaji sauti ya mtu anayejibu maswali: mama yuko wapi, ana hali gani, damu inatoka au haitoki. Simu inayopiga bila msemaji humpa mhudumu kitendawili na kuishikilia laini ambayo mwingine anaihitaji.

Njia inayofaa zaidi ni kupitia kwa majirani. Kitufe kikibonyezwa, simu itume ujumbe mfupi kwa watu watatu waliokubaliana mapema, kwa mfano jirani wa karibu, mhudumu wa afya ngazi ya jamii na ndugu, kisha ilie kwa sauti ya juu. Atakayefika kwanza ndiye apige 115 na kuzungumza. Ujumbe utaje jina la mgonjwa, nyumba na alama inayojulikana, kwa sababu ramani ya setilaiti haimwambii dereva usiku kwamba nyumba iko nyuma ya mwembe. Izingatiwe kwamba 115 ni bure lakini ujumbe mfupi si bure: simu isiyo na salio wala kifurushi itasikia kitufe na isimwite yeyote. Programu nzuri humkumbusha mwenye simu kuhakiki salio kila wiki.

Kifaa hiki hutoa thamani ileile kwa kila mbonyezo, hivyo mtoto akikichezea kijiji kizima kitaamshwa. Dawa yake ni kuhesabu: mbonyezo mmoja upuuzwe, mitatu ndani ya sekunde 4 iwe dharura. Kisha programu ilize kengele ya kitufe chenyewe kwa kuandika 2 katika ile sifa 2A06, ili mgonjwa ajue kwamba amesikika. Mtu aliye gizani na maumivu anahitaji jibu hilo kuliko mapambo yoyote ya kioo.

Mipaka ya kifaa nayo isifichwe. Mawimbi ya Bluetooth ni ya gigahezi 2.4, ndani ya nyumba ni salama kutegemea mita 10 hivi, na pungufu penye kuta nene au mabati. Mwili wa binadamu huyapunguza, na maji huyameza. Mvuvi wa dagaa anayedhani kitufe kilichomo mfukoni kitamsaidia akianguka ziwani amejidanganya; yeye anahitaji jaketi la kujiokolea. Nyumbani, kipimo cha kweli ni kutembea nacho: jikoni, uani, kwenye choo cha nje, mlango ukiwa umefungwa. Mahali ambapo simu inapoteza muunganisho pajulikane na mwenye nyumba, au simu ihamishwe.

Jaribio lifanyike kila Jumamosi mchana, na kila siku kuanzia wiki ya 36 ya ujauzito. Programu iwe na hali ya majaribio inayotuma neno JARIBIO mwanzoni mwa ujumbe, na jirani ajibu kwa neno moja kwamba amepokea. Asipojibu, ajulikane sababu siku hiyohiyo: amebadili laini, amesafiri, au simu yake imeharibika. Betri ya kitufe ikisomeka chini ya asilimia 30 ibadilishwe. Mafundi wa saa wanazo za aina hiyo, na upande wenye alama ya kujumlisha huelekezwa kama ulivyokuwa kwenye ile ya zamani. Betri iliyotolewa iwekwe mbali na watoto wadogo, kwani ikimezwa huunguza koo ndani ya saa chache.