Kwa Nini Mathenge Hukatwa na Kurudi?

*Mathenge hukatwa malishoni kila mwaka na huchipua tena, ilhali nyasi za asili zimetoweka. Je, chanzo kiko mizizini? — Mfugaji, Baringo*

Hofu ya mfugaji huyu ina msingi, kwa kuwa mathenge, mti wenye asili ya bara la Amerika ulioletwa Baringo miaka ya 1980 ili kutoa kuni na kufunika ardhi tupu, huteremsha mzizi mkuu hadi kwenye maji ya chini ya ardhi na wakati huohuo hutandaza mizizi ya pembeni karibu na uso wa udongo, mahali ambapo nyasi za asili, zenye mizizi myembamba na mifupi, hungojea mvua. Mgunga wa asili nao una mzizi mrefu, hivyo urefu peke yake hautoshi kuwa jibu. Nguvu hasa ya mathenge imo katika macho, yaani machipukizi yaliyolala kwenye shingo ya mzizi, ambayo huamka shina linapokatwa na kutoa mashina mengi badala ya moja. Kwa hiyo panga pekee halifai: miche ing'olewe ingali michanga, udongo ukiwa umelainishwa na mvua, na mti mkubwa uchimbuliwe na kukatwa chini ya shingo hiyo, kisha nyasi zipandwe bila kuchelewa. Vichaka vikishafungamana, afisa wa misitu aitwe kabla ya dawa yoyote kutumiwa.