Makali, Nguvu na Uchakavu: Somo la Chuma Kinachokata Chuma

Mwalimu wa sayansi aliyeko Sumbawanga hahitaji karakana kubwa ili awafundishe watoto jinsi chuma kinavyokata chuma. Katika nyanda za juu za Ufipa yangaliko magofu ya malungu, yaani matanuri marefu ya udongo ambamo wazee walipata chuma kutoka katika mawe yake. Malungu yalivuta hewa yenyewe; chuma kilichopatikana kilisafishwa tena katika tanuri dogo lenye mivukuto, ndipo mhunzi akakifua kuwa jembe. Mtoto wa Ufipa amekwisha kuliona jembe au plau iliyoliwa na udongo. Anza na hilo analolijua.

1. Jambo la kufundishwa

Makali hukata kwa sababu hukusanya nguvu mahali padogo. Andika ubaoni: nguvu ya nyutoni 100 ikitua juu ya eneo la milimita mraba 2, kila milimita mraba hupata nyutoni 50. Makali yakisagika hata eneo likawa milimita mraba 10, kila moja hupata nyutoni 10 tu. Basi mfanyakazi hulazimika kukandamiza zaidi. Msuguano huongezeka, joto hupanda, na makali husagika upesi kuliko mwanzo. Uchakavu huzaa uchakavu.

Chuma kigumu sana huzidisha taabu hiyo. Kwanza, hukataa kuingiwa: katika kukereza chuma kilichotiwa ugumu, nguvu inayokisukuma chombo nyuma mara nyingi huipita nguvu ya kukata yenyewe. Pili, joto hukusanyika kwenye ncha ndogo ya chombo, nayo hukwanguka au kumeguka.

2. Hatua za somo

Vifaa ni tupa moja nzima, vipande viwili vya tupa kuukuu iliyokwisha kuvunjika, na jiliwa. Siku moja kabla ya somo, mwombe mhunzi apashe kipande kimoja moto hadi kiwe chekundu, kisha akifukie katika majivu makavu kipoe polepole hadi kesho yake. Usivunje tupa kwa nyundo. Vipande vyake huruka na vyaweza kupofua jicho.

Darasani, usieleze kitu kwanza. Mwanafunzi mmoja apitishe tupa mara tatu, taratibu, juu ya ukingo wa kila kipande. Tupa hukata inapokwenda mbele, inaporudi iinuliwe. Juu ya kipande kimoja itateleza ikilia, bila kutoa unga. Juu ya kile kilicholala majivuni itauma, na unga utaanguka. Uliza: “Vipande hivi vimetoka katika tupa moja. Mbona kimoja kimekubali na kingine kimekataa?” Waache wabishane.

Watafika wenyewe kwenye jibu: ugumu hautokani na aina ya chuma peke yake, bali pia na jinsi kilivyopashwa moto na kupozwa. Ndiyo maana mhunzi hulainisha kwanza, huchonga umbo, kisha hupasha tena na kuzamisha ili ugumu urudi. Mwisho hukipasha kidogo, kisije kikavunjika kama kioo.

3. Kosa la mwandishi

Nilipofundisha somo hili mara ya kwanza, niliazima tupa mpya ya fundi jirani. Kila mtoto alitaka kujaribu kipande kigumu, nami nikawahimiza wakandamize kwa nguvu. Jioni fundi alipitisha kidole juu ya meno yaliyong’aa, akasema, “Mwalimu, hii sasa ni fimbo.” Nilimlipa. Nilikuwa nimefundisha nguvu nikasahau uchakavu, ilhali uchakavu ulikuwa ukitendeka mikononi mwa darasa zima. Tangu hapo mipito ni mitatu tu, na tupa hukaguliwa mbele ya watoto kabla ya somo na baada yake.

4. Kutoka mhunzi hadi kiwanda

Walichokijua wahunzi kwa mikono, wenye viwanda walikipima. Frederick Winslow Taylor wa Marekani alichapisha mwaka 1907 matokeo ya majaribio yake ya miaka 26: mwendo wa kukata ukizidishwa kidogo tu, uhai wa makali hupungua sana. Katika miaka ya 1920 kampuni ya Krupp ya Ujerumani ilianza kuuza vyombo vya kabaidi ya tangsteni kwa jina la Widia, maana yake “kama almasi”. Vyombo hivi hubaki vigumu hata katika joto ambalo hulainisha tupa ya kawaida. Kanuni ni ile ile: chombo kiwe kigumu kuliko kinachokatwa, na ugumu huo udumu katika joto.

5. Zoezi kwa mwanachuo

(a) Fundi anayekata chuma kigumu anaona moshi kwenye ncha ya chombo. Je, azidishe mwendo au aupunguze? Toa sababu.
(b) Andaa maswali matatu yatakayowafanya watoto waeleze kwa nini jembe butu humchosha mkulima kuliko jembe lililonolewa.