Bawasiri: Ifahamu Kabla ya Kununua Dawa

Bawasiri ni mishipa ya damu iliyovimba ndani ya njia ya haja kubwa au kandokando yake. Huchochewa na kufunga choo, kujikamua kwa nguvu, kukaa chooni muda mrefu na ujauzito. Dalili zake ni muwasho, uvimbe, na damu nyekundu wakati wa kujisaidia.

Mara nyingi hutulia kwa matunzo ya nyumbani. Kula vyakula vyenye nyuzinyuzi, kama maharage, ugali wa dona, mboga za majani na papai, na unywe maji ya kutosha. Kukalia beseni la maji ya uvuguvugu kwa dakika 10 hadi 15 hupunguza maumivu.

Mlaji anunuapo dawa ya kupaka ahakiki lebo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Yenye haidrokotisoni isitumiwe zaidi ya siku 7 bila ushauri wa daktari. Dawa isiyo na lebo isinunuliwe, hata muuzaji akiapa kuwa inaponya kabisa.

Si kila damu ni bawasiri. Saratani ya utumbo mpana nayo hutoa damu. Damu isipokoma ndani ya wiki moja, choo kikiwa cheusi, au uzito ukipungua, nenda hospitali. Aibu isikucheleweshe.